Theluji ya Maua ya Pichi

Jumatano, 11 Septemba

Mzee kaondoka! Kambi ni yangu. Mpaka atakaporudi wiki ijayo, huku juu malishoni mkubwa ni mimi, Lehloa. Anayebisha apande aje tuonane.

Ntate Seabata—Ntate kwetu ni Baba—kashuka kijijini kuchukua unga, chumvi ya mbuzi, na kuonyesha goti lake zahanati. Goti limevimba kama boga. Kabla ya kwenda kanisimamisha mlangoni, kidole usoni. Mambo matatu. Moja: redio ni ya hali ya hewa tu, jioni, kisha nizime. Pili: vinyesi vikavu vya kuwashia moto nisivimalize. Tatu, na hili alirudia, nisiguse mkasi. Mbuzi hawanyolewi mpaka theluji ya mipichi ipite.

Nikamwambia, "Mbona mipichi ishachanua huko chini, Ntate. Yule mama muuza pombe kasema."

"Ndiyo kwanza imechanua. Ngoja maua yadondoke. Theluji ya mwisho huangukia maua."

"Na mwaka huu isipoanguka?"

"Basi utanicheka. Kuchekwa na mtoto hakuui."

Mtoto! Nina miaka kumi na saba. Halafu ananitishia kwa jina langu mwenyewe—Lehloa si ndiyo theluji? Nilizaliwa ikianguka. Bibi yangu alisema sikulia hata kidogo, nilitoa tu ulimi kuionja. Mimi na theluji ni ndugu.

Mbuzi ni thelathini na mmoja, wale wa manyoya marefu ya kung'aa. Si wa chifu, si wa tajiri. Ni wa mzee mwenyewe. Kachunga mifugo ya watu miaka arobaini, analipwa mnyama mmoja mmoja, na hii ndiyo miaka yake arobaini, ina pembe na inanuka. Manyoya ya mwaka huu ni ya bati. Anataka nyumba ya bati kijijini, alale kitandani kama binadamu. Mimi kaniahidi jike mmoja.

Akirudi safari huwa na mambo yake. Anasimama kule juu kwenye upenyo wa mlima, ng'ambo ya bonde, anaanza kuwaita mbuzi jina kwa jina. Anaita mmoja, anangoja aitikie, anashuka hatua chache, anaita mwingine. Wa kwanza Mosehla, wa mwisho Nkhono, yaani Bibi, mama wa nusu ya zizi. Nilimwambia wanaitikia kwa ajili ya chumvi, si mapenzi. Kanirushia buti. Mimi nawaigiza wote, sauti ya kila mmoja. Mwezi uliopita niliitikia kama Mosehla, mzee akaingia zizini kumtafuta, kumbe Mosehla yuko kilimani. Nilikula kofi. La haki, sikatai.

Daftari hili kanipa mwalimu wa darasa la wachungaji. Niandike kila siku, herufi zisinitoroke. Shule niliacha darasa la nne. Kusoma sikushindwa! Hesabu ndizo zilinishinda. Hakuna atakayesoma humu, kwa hiyo nitajisifu nipendavyo.


Alhamisi, 12 Septemba

Jua kali. Redio tangu asubuhi—akodiani na ngoma! Nimecheza na mbwa mpaka mbwa kachoka.

Pheello kaja kutoka kambi ya ng'ambo ya kijito. Ana kondoo wa mjomba wake, na ana miaka ishirini, na ametoka jandoni mwaka jana, kwa hiyo tangu hapo anatembea kama amemeza fimbo.

"Wenzako tunanoa mikasi," kasema. "Wewe mzee kakuficha mkasi, au kakufundisha kushika kijiko kwanza?"

"Mkasi ninao. Nikitaka, kesho namaliza zizi zima."

"Wewe? Peke yako? Hujaenda hata jando, utamshika Nkhono?"

"Nitamshika Nkhono, nitakushika na wewe nikunyoe hiyo ndevu yako moja."

Alicheka. Lakini alipoondoka alipiga mluzi ule wa kuitia watoto. Niliusikia mpaka alipovuka kijito.


Ijumaa, 13 Septemba

Nimenyoa kumi na mmoja leo! Mkono umevimba lakini waone—weupe, wepesi, wanaruka kama ndama.

Nilimsikia mzee vizuri Jumatano. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma: nilimsikia vizuri sana. Lakini yeye hajui joto la wiki hii. Akirudi akute magunia yamejaa, kila kitu tayari, atafanya nini? Atakuna kichwa. Atasema, "Kumbe." Nataka hilo "kumbe" lake kuliko huyo jike.

Betri za redio zimekufa saa kumi. Potelea mbali. Anga lenyewe naliona.


Jumamosi, 14 Septemba

NIMEMALIZA. Thelathini na mmoja. Na Nkhono! Alinipiga teke la mbavu, tukaanguka wote wawili, nikamaliza nimemlalia shingoni huku namwimbia. Magunia matatu, nimeyashona midomo kwa sindano kubwa.

Pheello alisimama ukutani mwa zizi muda mrefu. Nilimngoja anisifu. Akatazama mbuzi, akatazama juu, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema tu," nikamwambia. "Wivu usikunyonge."

"Umewanyoa wote?"

"Hesabu mwenyewe."

"Kondoo wangu nitawanyoa mwezi ujao," akasema, akaenda zake. Wala hakupiga mluzi. Nimemfunga mdomo!


Jumapili, 15 Septemba

Asubuhi jua. Mchana mawingu yakashuka yakakaa juu ya bonde, hayaendi huku wala kule. Upepo ukakoma. Hata mbwa aliacha kujikuna akasikiliza.

Kisha kipande kimoja cha theluji. Kilitua kwenye mkono wa koti langu, nikakiona chote, ncha zake sita. Kisha kingine. Kisha sikuona tena mlima.

Sitadanganya daftari: nilifurahi. Nilitoa ulimi. Ilikuwa inashuka taratibu, moja kwa moja, haina haraka na mtu. Kijito kikanyamaza. Mawe ya zizi yakawa mviringo, kibanda kikawa mviringo, hata mkorogo wote wa matope ya mbuzi mlangoni ukawa safi kama haujawahi kukanyagwa. Moshi ulikwenda juu wima. Nilikaa juu ya jiwe kama mtu aliyesamehewa. Niliweza kusikia damu masikioni mwangu. Nikawaza, huyu ndiye ndugu yangu, kaja kuniona.

Muda gani nilikaa, sijui.

Nilipogeuka mbuzi walikuwa wamejibana ukutani, wote lundo moja. Hawalii. Mbuzi wasiolia! Ngozi zao za waridi. Theluji ikiwaangukia inayeyuka, maji yanatiririka mbavuni, wanatetemeka mpaka kwato zinagonga. Nikasema, ah, watazoea.

Kisha nikamwona mmoja wao, Thotse. Juu ya mgongo wa Thotse theluji ilikuwa haiyeyuki tena. Inakaa. Inapanda. Alikuwa amesimama, macho wazi, na theluji inamkalia kama jiwe.

Nilimbeba. Alikufa mikononi kabla sijafika mlangoni. Hakupiga teke, hakufanya kitu.

Kibandani wameenea kumi na wanne. Nimewasukuma, nimewapanga kama magunia, wenye mimba kwanza, Nkhono wa kwanza kabisa. Kumi na sita wamebaki zizini. Niliwachagua. Mosehla nilimtoa kwa pembe ili aingie mwenye mimba. Alinitazama tu.

Bado inaanguka. Hakuna upepo hata wa kuzima kiberiti. Ingekuwa tufani ningeitukana.


Jumatatu, 16 Septemba

Watano zizini, wamekufa wamesimama, wameegemeana. Nilidhani wazima. Niligusa mmoja, wakaanguka pamoja.

Theluji inafika magotini. Imeanguka mchana kutwa. Taratibu vilevile. Nzuri vilevile! Nimeipigia kelele mpaka koo likauma, kelele zikaishia hapohapo mbele ya mdomo wangu kama nimepiga kelele ndani ya godoro.

Nimefungua magunia. Manyoya yao nimewarudishia—nacheka sasa naandika, nacheka vibaya—nimekata magunia vipande, nimejaza manyoya ndani, nimewashonea makoti. Sindano ileile. Tisa tu, kisha magunia yakaisha. Nilikata turubai nusu. Nilikata shuka la mzee. Nkhono nimemfunga blanketi langu la kuvaa, milia wima kama kwetu inavyotakiwa, amekuwa chifu.

Pheello alifika mchana. Sikumsikia akija. Mlango ukafunguka, mtu mweupe mzima, mgongoni mzigo wa vinyesi vikavu.

"Blanketi lako liko wapi?" kauliza.

"Kavaa Nkhono."

Hakunicheka. Nilimngoja acheke. Alivua lake akamfunika jike aliyelala karibu na moto, akakaa kwenye kinyesi cha mbuzi. Baadaye akasema bila kuniangalia, "Redio yangu ilisema. Ijumaa jioni."

"Ijumaa?"

"Theluji nzito milimani, kuanzia Jumapili."

"Ijumaa nilikuwa nimenyoa kumi na mmoja tu, Pheello."

"Najua."

"Jumamosi ulisimama pale ukutani!"

"Ulikuwa umeshamaliza! Ningesema nini?"

"Na Ijumaa?"

Alijifuta pua. "Nilitaka mzee akuchape. Basi. Nilidhani ni theluji ya kupaka ardhi tu, ifike wakati wa chai imeyeyuka."

Nilitaka kumpiga. Niliinua mkono kabisa. Lakini yeye hakugusa mkasi. Mkono ule ule nilioinua ndio ulionyoa. Nikaushusha, nikamwambia ashike sindano.

Ameshona vizuri kuliko mimi. Nimemwambia hivyo. Sijawahi kumwambia mtu hivyo.


Jumanne, 17 Septemba

Tisa zaidi. Mosehla mmojawapo.

Jike Pulane alizaa alfajiri. Mtoto alikuwa mzuri, mweusi masikio. Alipumua mara chache. Pulane akamlamba mpaka yeye mwenyewe akalala, hakuamka. Huyo wa kumi.

Sasa wote wanaenea kibandani.

Vinyesi vimekwisha. Tumechoma kigoda, ubao wa kulalia wa mzee, mlango nusu. Kuni mbichi hazishiki bila karatasi. Nimechana karatasi tupu za nyuma ya daftari. Zimebaki nne na hii.

Tunawapa maji ya moto na unga mdomoni kwa chupa. Unga umebaki kiganja kimoja. Pheello anasema sisi tule nini. Nimemwambia tule akodiani.

Inaanguka. Haina habari na mtu. Nikitoka nje naona uzuri ule ule na nataka kutapika. Zizi limekuwa uwanja laini. Ukipita usiyejua utasema hapa pana amani.


Jumatano, 18 Septemba

Imekoma. Jua. Anga limeoshwa. Hakuna alama hata moja, si ya ndege, si ya sungura. Theluji ya juu imeganda, inalia chini ya buti kama sahani.

Usiku wamekufa watatu tena. Wazima kumi na wawili. Waliokufa kumi na tisa. Tumewapanga nyuma ya ukuta, tumewafunika nusu ya turubai iliyobaki. Nusu haitoshi. Miguu inaonekana.

Nimefanya mazoezi ya kumwambia. Nimemwambia Pheello awe mzee, akae pale. "Ntate, nimeua mbuzi wako." Pheello akasema, "Usianze hivyo." "Nianzeje?" "Anza na wazima." "Ntate, wako wazima kumi na wawili." Pheello akaanza kuitika kama mzee, akashindwa, akasema nimwache, hataki kuwa mzee.

Nikasema nitamtumikia bure. Miaka kumi. Nikampigia hesabu: akinipa jike mmoja kwa mwaka na mimi namrudishia... Mzee ana miaka sitini na minne. Hesabu zilinishinda shuleni, lakini hii nimeiona.

Saa mbili hivi nilitoka kuchimba theluji mlangoni. Nikasikia.

"Mo-seeee-hlaaa!"

Yuko kule juu kwenye upenyo. Mtu mdogo mweusi, fimbo, mzigo mgongoni. Lazima alilala njiani, alianza kupanda kabla haijakoma. Kwa goti lile! Hakuna upepo kabisa, sauti inavuka bonde kama anaongea hapa ukutani.

Pheello kanishika mkono. "Mwite. Mwambie yaliyotokea."

"Nikimwambia atashuka mbio."

Mteremko wote ni barafu. Naiona inang'aa kutoka hapa. Mwaka juzi farasi wa polisi aliteleza palepale, farasi ana miguu minne mizima, na hakuinuka. Mzee akijua, hatatazama anapokanyaga. Namjua. Atakimbia.

"Mo-seeee-hlaaa!"

Mara ya pili. Sasa kuna swali ndani yake. Amesimama. Kaweka mkono juu ya macho, anatazama huku. Kisha kauinua mguu, kama anayetaka kushuka mbio.

Nimeweka mikono mdomoni. Nimelia kama Mosehla. Ile ya kukwaruza, inayopanda mwishoni. Mosehla mwenyewe yuko hatua tano kutoka hapa, chini ya turubai.

Mzee kacheka! Kicheko kimekuja mpaka huku, hakuna kitu cha kukizuia. "Nakuja, mama! Nakuja na chumvi!" Akaanza kushuka taratibu, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Polepole. Polepole, Ntate.

"Letsoai!"

Letsoai mzima. Kaitikia mwenyewe kutoka kibandani. Nilitaka kumbusu pua.

"Pulane!"

Pulane ni mimi.

"Thotse!"

Thotse ni mimi. Thotse ana sauti nyembamba, ni ngumu, midomo yangu imepasuka, lakini nimeipata sawasawa. Mzee kasema kitu kwake peke yake, amefurahi. Pheello kageukia ukuta.

Naandika katikati ya jina na jina, mkono usikae bure. Anashuka vizuri. Yuko kwenye lile jiwe refu, sehemu mbaya zaidi bado iko mbele. Majina yamebaki ishirini na saba, na kumi na sita ni yangu. Akifika mwisho wa majina atakuwa amefika mlangoni, au kwenye mlango nusu uliobaki. Wa mwisho ni Nkhono. Nkhono yuko hapa miguuni pangu ndani ya blanketi langu, kila jina likiitwa anainua sikio moja. Tangu jana hajatoa sauti. Nimemwambia, wewe usiniachie na lako. La kwako siwezi.

Jua limefika kwenye ukuta wa zizi. Theluji inaanza kudondoka kutoka kwenye turubai, tone moja, tone moja.

Kaita wa tano. Ni mimi tena.